Mkono wa Bi Raya Majini

Chumba cha msako cha Ras Mwani kilikuwa na dirisha pana linaloitazama bahari, lakini asubuhi ile hakuna aliyelitazama. Macho yote yalikuwa ukutani, kwenye ramani kubwa ya mwanga, pale Ramli ilipokuwa ikimtupa Shaame majini.

Jina rasmi la mtambo ule lilikuwa refu na halikuwaingia watu midomoni. Waliuita Ramli, mwanzoni kwa kejeli, baadaye kwa heshima. Haukuwa na uwezo wa kumwona mtu aliyepotea. Ulichofanya ni kumuumba upya, vitone vingi vya manjano juu ya ramani, kila kitone Shaame mmoja, na kuvitupa vyote pale alipoonekana mara ya mwisho. Kisha ulifungulia upepo na mkondo wa maji vivichukue. Vitone viliitwa vivuli, na pale vilipokusanyika kwa wingi ndipo boti zilipopelekwa.

Mitambo ya zamani iliishia hapo, ikiwahesabu watu kama magogo. Ramli ilizidi kwa jambo moja: vivuli vyake vilikuwa na tabia. Kila aliyetaka kazi ya baharini alipimwa kwanza katika bwawa la kituo, akiwa na nguo zake za kazi na bangili ya kipimo mkononi. Kwa bangili ile mtambo ulijifunza anavyoelea, anavyochoka, anavyofanya akishikwa na hofu. Siku akipotea, vivuli vyake viliogelea kama yeye.

Mpimaji wa bwawa lile alikuwa Bi Raya. Alikuwa bibi wa wajukuu wengi, mwembamba, mwenye mikono mirefu, na asubuhi ile alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma na chupa ya chai miguuni. Chai aliileta kwa ajili ya jamaa wa Shaame. Hakuna aliyeinywa.

"Kaeni karibu muone, baba," alisema Thuwaiba, binti aliyekuwa akiuendesha mtambo. Alimvutia kiti mzee Ngwali, baba yake Shaame, kisha akavua mtandio wake wa juu na kumtandikia Mize, mke wa Shaame, kwa sababu kiti kilichobaki kilikuwa cha chuma na chumba kilikuwa na baridi ya viyoyozi. Bi Raya aliliona hilo. Alikuwa mtu wa kuona mambo kama hayo.

Shaame alikuwa akifanya kazi kwenye vyelezo vya mwani. Tangu maji ya ufukweni yalipopata joto na kuua mwani wote, mashamba yalihamishiwa kwenye maji makuu, yakafungwa juu ya vyelezo vyenye mapipa. Alfajiri dhoruba fupi ilikata kamba za chelezo kimoja. Wenzake wawili waliokolewa mapema. Bangili ya Shaame, iliyopaswa kuonyesha alipo, ilikutwa imenasa kwenye kamba, imekatika. Mara ya mwisho walimwona amelikumbatia pipa la buluu, anakwenda na maji.

"Sasa tazameni," alisema Thuwaiba. "Hapa amelishika pipa. Ramli inasema atalishika mpaka alione Fungu la Chaza, lile tuta la mchanga hapa magharibi. Akiliona tu, ataliachia na kuogelea. Mkondo ni mkali lakini hatashindana nao. Ataukata upande, taratibu. Akichoka anageuka chali, anapumzika, anahesabu pumzi zake, kisha anaendelea. Hana papara, mashallah. Kwa mtu wa namna hii nina matumaini makubwa."

Vitone vya manjano viliachana na njia ya maji, vikaanza kusogea magharibi, vikisimama, vikisogea, vikisimama.

Mzee Ngwali alikuwa amekaa wima tangu afike. Alikuwa mzamiaji aliyejulikana pwani nzima, na nusu ya watoto wa kisiwa kile walifundishwa naye kuogelea. Aliviangalia vitone vile na kwa mara ya kwanza bega lake likalegea.

"Huko kugeuka chali nilimfundisha mimi," alisema. "Wengine hawajui kugeuka hivyo. Huyo ndiye Shaame."

Bi Raya alihisi damu ikimpanda usoni. Yule hakuwa Shaame. Mkono ule uliokata maji upande, chali ile, pumzi zile za kuhesabu, vyote alivijua kama anavyoijua njia ya chooni kwake. Yule aliyekuwa akiogelea ukutani, elfu kwa maelfu, alikuwa yeye.

*

Ilikuwa kabla ya harusi ya Shaame. Alikuja bwawani mchana, wakati wa mapumziko, akasimama mbali na maji na mgongo ukutani.

"Bi Raya, shikamoo. Nina neno, lakini naona haya."

"Marahaba, mwanangu. Haya ya nini na mimi nimekubeba mgongoni?"

Akamwambia. Hakujua kuogelea. Mtoto wa Ngwali, hakujua kuogelea. Alipokuwa mdogo baba yake alimrusha baharini kama alivyowarusha watoto wote, na watoto wote waliibuka wakicheka, ila yeye alizama akaona giza, akapandishwa na watu. Tangu siku hiyo maji yakipita magoti, miguu yake hufa ganzi. Baba aliona amekwishamfundisha, na Shaame hakuwahi kumkosoa. Akawa mtu wa visingizio: leo sikio linauma, leo nina safari. Sasa mahari imeshasemwa, na kazi ya vyelezo ndiyo iliyobaki kisiwani, na kwa asiyeogelea hakuna kazi.

"Nisitiri, Bi Raya," alisema. "Chelezo ni kipana. Sitakaribia ukingo."

Bi Raya alilelewa kwamba aibu ya mtu hufunikwa. Ukimkuta jirani amepasuka nguo, humwambii kwa sauti; unasimama nyuma yake mpaka afike nyumbani. Hivyo ndivyo mama yake alivyoishi na hivyo ndivyo alivyoishi yeye. Alifunga mlango wa bwawa, akachukua bangili ya Shaame, akaivaa mkononi mwake, na akaingia majini na baibui lake. Aliogelea kwa ajili yake. Akatoka akichuruzika, akamrudishia bangili, na wote wawili wakacheka.

Wala Shaame hakuwa wa kwanza. Kulikuwa na kina mama walioona haya kulowa mbele ya watu, na wazee waliokuwa wameanza kutetemeka mikono na hawakutaka watoto wao wajue. Kila aliyemjia kwa machozi aliondoka na cheti, na bibi akaanika nguo zake nyuma ya kituo. Alikuwa akilala vizuri sana siku hizo. Aliona ametoa sadaka.

*

Ukutani vivuli vilikuwa vimekaribia Fungu la Chaza. Boti zote zilikwishaelekezwa huko, na droni zilikuwa zinapita juu ya mchanga zikiwa hazijaona kitu.

Bi Raya alisimama. Aliketi tena. Alitazama mgongo wa mzee Ngwali, na shingo yake iliyosimama kwa fahari, akafikiri: labda Ramli imepatia kwa bahati. Labda nisubiri kidogo. Kisha akafikiri juu ya pipa la buluu. Yule kijana hataliachia pipa lile kwa ajili ya fungu lolote duniani. Ataling'ang'ania mpaka vidole vife. Upepo wa kusi utalisukuma pipa, na maji yataisukuma miguu yake, na vyote viwili vinakwenda kaskazini, kupita mnara wa taa, kwenye bahari isiyo na mwisho. Kila dakika anayokaa kimya benchini, kijana anazidi kwenda.

Alitamani kumwita Thuwaiba pembeni amnong'oneze. Lakini alijua sheria ya chumba kile, kwa kuwa aliwafundisha wengine. Msako ukishaanza, mpimaji hana ruhusa ya kubadilisha kipimo peke yake, maana watu wenye hofu hubadilisha mambo kila dakika. Lazima mtu wa nyumbani kwa aliyepotea naye atamke, kwa kinywa chake, na Ramli isikie.

"Thuwaiba," alisema. Sauti ilitoka ndogo. Akaikusanya. "Thuwaiba, mwanangu, mnamtafuta asiye Shaame. Huyo mnayemtafuta ni mimi."

Thuwaiba aligeuka taratibu. "Unasemaje, Bi Raya?"

"Niliivaa bangili yake. Niliogelea mimi. Shaame hajui kuogelea. Hajui hata kidogo."

Mzee Ngwali hakugeuka.

"Huyu mama amechanganyikiwa," alisema, akiutazama ukuta. "Mwanangu anaogelea. Nimemtia majini kwa mikono yangu."

"Ndiyo, Bwana Ngwali. Na alizama."

"Alizama mara moja. Nani asiyezama?"

"Bwana Ngwali, yule hakurudi tena majini tangu siku ile. Alikuwa akikudanganya kwa kukuheshimu. Na mimi nikamsaidia kudanganya, ili akupendeze. Nisamehe, lakini si mwanao anayeonekana pale. Ni mimi kikongwe."

"Basi una kosa lako," alisema mzee, na sasa sauti ilikuwa imekauka. "Kosa lako litengeneze kwa jina lako. Usiweke aibu juu ya kijana asiyeweza kujibu. Akirudi akute ameitwa mwoga mbele ya watu? Mtoto wangu mimi?"

Thuwaiba alikuwa amekwishafungua kipimo cha Shaame. Vidole vyake vilikuwa juu ya meza, vinasubiri. "Baba, bila neno la mtu wa nyumbani siwezi kuhamisha boti hata moja," alisema kwa upole. "Ukisema anajua, zinabaki fungu. Ukisema hajui, ninazituma kaskazini sasa hivi. Siwezi kuzigawa, ni chache, na bahari ya kaskazini ni kubwa."

Mzee alifumba macho. Alikuwa mtu mzuri, Bi Raya alilijua hilo, na ndilo lililomuuma zaidi: kumtazama mtu mzuri akinyang'anywa kitu mbele za watu, na mnyang'anyi ni yeye.

Hapo ndipo Mize alipojivuta mbele. Mke wa mwaka wa kwanza, mbele ya mkwewe, hata kukohoa alikuwa akikohoa pembeni. Alijifunika uso kwa mtandio wa Thuwaiba na kusema na sakafu.

"Baba, niwie radhi. Tukienda pwani huniambia tusivuke magoti. Husema anaogopa kulowesha suruali." Aliukaza ule mtandio usoni. "Anazo suruali mbili tu, nikadhani ni kweli. Lakini juzi wimbi lilimfika kiunoni, akanishika mkono akautia alama za kucha. Hajui, baba. Mume wangu hajui."

Ramli ilisikia. Taa ndogo juu ya meza iliwaka kijani, na vivuli vyote vya manjano, vyote vile vilivyokuwa vimefika mchangani na kupumzika, vikafutika.

Thuwaiba akatupa upya. Safari hii vivuli havikuogelea. Vililishika pipa na kwenda. Vilitoka pale pale, vikapita mbali na fungu bila kugeuka, vikajinyoosha kama mkia wa moshi kuelekea kaskazini, na vya mbele vilikuwa vimekwishaupita mnara. Vingine, huko mbele kabisa, vilikuwa vikizimika kimoja kimoja.

"Kwa nini vinazimika?" aliuliza Mize.

Thuwaiba alikuwa akiongea na manahodha, haraka, jina la boti baada ya jina la boti. Mzee Ngwali alivua kofia yake akaishika mapajani kwa mikono miwili. Bi Raya alimimina chai kwenye kikombe akampelekea, na mzee akakipokea. Hakumtazama, wala hakunywa, lakini alikipokea. Bi Raya alirudi benchini na kulia kwa sababu ya kikombe kile.

*

Walimpata alasiri, mbali na mnara, pipa kifuani na kamba ya mwani amejifunga nayo mwilini mara nyingi. Hakuweza kusema, na vidole vyake ilibidi vifunguliwe kimoja kimoja.

Boti iliporudi maji yalikuwa yamekupwa. Haikuweza kufika gatini, ikasimama mbali kidogo, na ikabidi watu washuke na kutembea majini. Kisiwa kizima kilikuwa pale. Habari ilikuwa imekwishazunguka, na watu walikuwa wanangoja kuona kitu ambacho hawakuwahi kukiona, yaani mtoto wa Ngwali akiogopa maji ya kifuani.

Shaame alisimama ukingoni mwa boti na blanketi mabegani. Alitazama maji. Mabaharia walimwambia twende, nusu hatua, na hakusogea. Kijana mmoja gatini alianza kucheka, na mama mmoja akamfinya.

Mzee Ngwali aliingia majini na kanzu yake. Hakuikunja. Alitembea mpaka maji yalipomfika kifuani, akafika kwenye boti, akageuka na kumpa mwanawe mgongo, akainama. Shaame alimtazama muda mrefu, kisha akapanda mgongoni mwa baba yake, miguu mirefu ikining'inia, na yule mzee akamleta nchi kavu polepole, mbele ya watu wote, kama mtu abebaye mchele usiotakiwa kulowa.

Watu walipompokea na kumpitisha, Bi Raya alikuwa amesimama kando. Shaame alimwona. Akawaomba wamteremshe.

"Uliwaambia," alisema. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa chumvi.

"Niliwaambia, mwanangu."

"Na baba alikuwepo?"

"Alikuwepo."

Aliinamisha kichwa. "Kule nilikuwa nawaza jambo moja tu. Nilisema, kama nikifa, angalau Bi Raya hatasema." Alijaribu kulitafuta neno lisilo la utovu wa adabu, asilipate. "Ungenipa siku moja ya kusema mwenyewe."

"Hukuwa na siku, Shaame."

"Najua. Najua sikuwa nayo." Akavuta blanketi mpaka juu ya kichwa na kuondoka, Mize akimshika kiwiko. Hakutoa shukrani, na Bi Raya hakuona kwamba alistahili kupewa.

*

Katika chumba cha msako Thuwaiba alikuwa peke yake. Alipomwona Bi Raya aligeuza kioo cha meza upande wa ukuta, kumwepusha na alichokuwa akikisoma.

"Usinifiche," alisema Bi Raya. "Ni wengine, siyo?"

"Niliiuliza Ramli inionyeshe wote wanaoogelea kwa mkono wako." Thuwaiba alipangusa paji la uso. "Bi Raya, ni wengi. Nikafikiri imeharibika. Kuna wazee, kuna kina mama, kuna mtu mwenye mguu mfupi. Wote wanageuka chali kwa wakati mmoja, wote wanahesabu pumzi. Kama wangepotea siku moja, tungetafuta bibi mmoja bahari nzima."

"Kuna waliopo majini sasa?"

"Wamo. Nimewarudisha. Nimesema tunakagua injini za boti."

Bi Raya aliketi. Maneno yale, kukagua injini, yalimgusa pabaya, maana yalikuwa maneno yake hasa, uongo mwepesi wa kumfunika mtu.

"Nimekwishafikiri," aliendelea Thuwaiba, akisogea karibu. "Nitavifuta vipimo hivyo vyote, niseme mtambo ulipata hitilafu. Wataitwa kupimwa upya. Hakuna atakayejua. Na wewe utabaki bwawani. Bi Raya, ulinipikia uji kila asubuhi nilipokuwa na mimba ya kwanza na sina mtu hapa. Unadhani nitakuandika kwenye ripoti mimi?"

Bi Raya alimshika mkono binti yule. Ulikuwa mkono wa baridi, umechoka. Kukubali kulikuwa rahisi kama kuvaa nguo kavu.

"Na wakiitwa kupimwa upya watakuja," alisema, "watamkuta mpimaji mwema. Watalia, nami nitaingia tena majini. Ninajijua. Hapana, mwanangu. Usinifuate njia hii, nimeiona inakoishia. Andika kwamba bangili zilivaliwa na Raya. Andika jina langu, wazi. Majina yao nipe mimi."

"Ripoti lazima iwe na majina yao pia. Inatakiwa mjini kesho kabla boti hazijatoka."

"Basi nina jioni hii. Shaame aliniomba siku moja ya kusema mwenyewe, na mimi sikuwa nayo ya kumpa. Hawa ninaweza kuwapa saa chache."

Alifungua shingoni kamba ya ufunguo wa bwawa, akauweka juu ya meza kimya kimya. Thuwaiba hakuugusa. Alimsomea majina, taratibu, na Bi Raya aliyarudia mpaka yakamkaa.

*

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Kazija, mvunaji mwani, mjane mwenye watoto. Jua lilikuwa bado juu ya paa. Kazija alikuwa uani anachambua mchele, na alipomwona mgeni alisukuma ungo na kusimama kwa furaha.

"Karibu, karibu, Bi Raya. Jamani leo umetukumbuka. Mtoto, lete mkeka ule mzuri, huo si wa Bi Raya." Akamshika mabega, akamkalisha, akaona vumbi la miguuni, akaenda mwenyewe kuleta maji. Aliinama akamwoshea miguu kwa kata, huku akizungumza. "Habari yako tumeisikia. Kisiwa kizima kinasema. Kama si wewe, mtoto wa Ngwali angekuwa maiti. Nimewaambia hawa wanangu, mshikeni huyo bibi miguu, mumwombe dua. Unaona, nami ndiyo namshika."

Akacheka. Watoto wake walikuwa wamesimama mlangoni wakimtazama Bi Raya kwa heshima.

Maji yalikuwa ya baridi, ya kisimani, na Kazija alikuwa akipitisha mkono kati ya vidole vya miguu yake kama anavyooshwa mgonjwa. Bi Raya alitamani amwache amalize. Alitamani anywe kahawa, aulize habari za mwani, akae mpaka adhana imwokoe.

Aliuvuta mguu wake taratibu kutoka mikononi mwa Kazija.

"Inuka, mwanangu," alisema. "Sivyo ilivyokuwa. Kaa hapa karibu yangu nikueleze nilichokufanyia kwa kuivaa bangili yako."